Kwa Mhariri: Paa lipimwe mwenye nyumba akiwepo, na nakala ya vipimo ibaki kwake

Mhariri,

Mvua za masika zinapoanza huku kwetu magharibi, kati ya Machi na Mei, yanayofuata dhoruba ya alasiri huwa yaleyale: mabati yaliyong'olewa yametapakaa shambani, familia imehamia jikoni au kwa jirani, na mwenye nyumba aliyekatia makao yake bima anampigia simu wakala wake akiamini kwamba kilichobaki ni kusubiri fidia. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, na sehemu yake kubwa huamuliwa siku ile mkadiriaji wa hasara, anayetumwa na kampuni ya bima, anapofika kulikagua paa. Naandika kuhusu siku hiyo moja, vifaa anavyokuja navyo mkadiriaji, na kumbukumbu anayoiacha au asiyoiacha anapoondoka.

Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi hapa Kisumu, na kazi yangu hunifikisha Nyando, Kericho, Kakamega na mara nyingine Nakuru. Wenye nyumba huniita baada ya kampuni ya bima kutoa hesabu yake na hesabu hiyo kukataa kulingana na ya fundi. Sijaja kumshtaki mtu kwa udanganyifu, kwa sababu sivyo nilivyoona mara nyingi. Ninachokikuta ni paa lililotazamwa kutoka chini, likapigwa picha chache, likakadiriwa kwa jicho au kwa picha ya setilaiti, kisha tarakimu zikaandikwa katika ripoti kana kwamba utepe ulipita juu yake. Ombi langu ni kwamba paa lipimwe kwa vifaa vinavyojulikana, mwenye nyumba au mtu aliyemteua akiwepo, na nakala ya vipimo pamoja na picha ibaki mikononi mwake kabla mkadiriaji hajatoka langoni.

Ukanda huu una sababu zake za kulihitaji jambo hili kuliko sehemu nyingine za nchi. Mchana, upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kukutana na pepo za mashariki kwenye miinuko ya Nandi na Kericho. Hewa iliyojaa unyevu hupanda, na kufikia alasiri mawingu ya radi yamekwisha kujengeka. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa mahali ambapo mvua ya mawe hunyesha mara nyingi zaidi duniani, na wakulima wa majani chai hawahitaji kuambiwa hilo na mtu. Mvua ya namna hiyo, pamoja na upepo unaoitangulia, hupita kwa ukanda mwembamba. Inaweza kuvunja mapaa katika kijiji kimoja, na kituo cha hali ya hewa cha Kisumu, Kericho au Kakamega kikaandika mvua ya kawaida siku hiyohiyo. Kwa hiyo taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo kampuni hupenda kuiomba, ni msaada mzuri lakini haitoshi peke yake kuthibitisha wala kukanusha dai la mtu. Ushahidi wenyewe uko juu ya paa, na haudumu. Hakuna mzazi atakayewalaza watoto chini ya anga akimsubiri mkadiriaji. Ataita fundi, mabati yatapigiliwa upya au turubai litatandazwa, na kila kitu kilichoeleza kilichotokea kitakuwa kimeguswa.

Nitoe mfano mmoja. Nje kidogo ya Ahero, kwenye tambarare ya Kano, upepo uling'oa sehemu kubwa ya paa la nyumba ya mwalimu mstaafu, ukavunja kenchi mbili na kuyapinda mabati mengi yaliyobaki. Kampuni yake ya bima, ambayo sitaitaja, ilikubali bila ubishi kwamba paa lote lifumuliwe na kuezekwa upya. Nyumba ni ya mstatili, paa lake lina pande mbili, na ukipima chini kutoka upenu hadi upenu unapata mita 10 kwa 8. Ripoti ya kampuni ilisema paa lina mita za mraba 80. Fundi wa mwalimu alikuwa ameandika 92 na kitu, na kwa sababu hiyo akashukiwa kwamba amejaza hesabu ili apate faida.

Nilimuuliza mzee, "Mwalimu, ni nani aliyepanda kupima?"

Akanijibu, "Hakuna aliyepanda, mwanangu. Kijana wa bima alisema hakuja na ngazi. Alipiga picha akiwa pale penye kisima, akaenda zake."

Tulipanda kwa ngazi ya jirani na kuulaza utepe kutoka kigongo cha paa hadi ukingoni, upande ambao ulikuwa bado umesimama. Ulisoma mita 4 na sentimita 62. Zidisha kwa urefu wa mita 10, kisha mara mbili kwa sababu ya pande mbili, upate mita za mraba 92.4. Fundi alikuwa sahihi. Mita 80 za ripoti zilikuwa eneo la ardhi ambalo paa hulifunika, ile mita 10 mara 8 inayoonekana kwenye picha ya kutoka angani, wala hazikuwa eneo la mabati, kwa kuwa mabati yamelala kwenye mwinamo. Tofauti ya mita za mraba 12.4 si ndogo. Tuseme bati la mita 3 hufunika upana wa mita 0.8 likishapishanishwa na mwenzake. Basi tunazungumzia zaidi ya mabati matano, kabla ya kuhesabu mpishano wa juu na chini, misumari, mbao na ujira wa fundi. Mwalimu angelipa hayo yote kutoka mfukoni mwake, huku ripoti ikisema amefidiwa kikamilifu.

Mwinamo ndio unaosahaulika kuliko kitu kingine chochote, na kuupima hakuhitaji mtambo. Chukua pimamaji yenye urefu wa mita moja, uegemeze ncha yake moja kwenye bati, uisawazishe mpaka kiputo kikae katikati, kisha upime kwa utepe kutoka ncha ya pili kushuka wima hadi kwenye bati. Ukipata sentimita 58, mwinamo ni nyuzi 30 hivi, na eneo la ardhi lazidishwe kwa 1.155 ndipo upate eneo la paa. Ukipata sentimita 27, mwinamo ni nyuzi 15, na kizidisho ni 1.035 tu. Kwa nyumba ya mwalimu, paa la nyuzi 15 lingekuwa na mita za mraba 82.8, na kosa la kutazama kutoka juu lisingemuumiza sana. Lakini paa la nyuzi 45, kama yale ya makanisa mengi ya zamani, lingekuwa na mita 113, na hapo kosa lingekula zaidi ya robo ya fedha zinazostahili. Simu za leo zina programu za kupima mwinamo pia. Sina ugomvi nazo, mradi mtumiaji aijaribu simu kwanza juu ya meza iliyosawazishwa, aigeuze upande wa pili, na kuona kama inasoma namba ileile.

Kuhusu urefu, kipimo cha leza ni kifaa kizuri na bei yake imekuwa ikishuka, lakini kina tabia zake. Juani nukta yake nyekundu hupotea, na juu ya bati linalong'aa mwale hurudi kwa namna usiyoitarajia. Mahali pake bora ni ndani: ukuta hadi ukuta, au sakafu hadi kenchi, kisha upenu uongezwe kwa utepe wa kawaida. Utepe nao hulegea katikati ukivutwa mbali bila kushikiliwa, na ukivuma upepo huongopa kidogo. Mtu wa pili wa kushika ncha hutatua sehemu kubwa ya taabu hiyo, na hakuna mtu wa pili aliye karibu zaidi kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Hiyo ni sababu moja ya kawaida kabisa ya kumtaka awepo: atasikia namba ikitamkwa na kuiona ikiandikwa.

Baada ya eneo kuna unene, na hapa nimeona watu wakipoteza fedha bila kujua. Mabati huuzwa kwa geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 kuliko geji 28. Bei zake hazilingani wala uimara wake. Ripoti inayosema tu "mabati" inaiachia kampuni nafasi ya kulipia yaliyo nafuu, na inamwachia fundi nafasi ya kudai kwamba yaliyokuwepo yalikuwa ya bei ghali. Mara nyingi kiwanda hupiga chapa ya geji kwenye bati lenyewe, na picha moja ya chapa hiyo inamaliza mjadala. Chapa ikiwa imefutika, maikromita inayosoma sehemu ya mia moja ya milimita itatoa jibu, ikibanwa penye bati lisilo na kutu na rangi ikizingatiwa, kwa sababu rangi nayo huongeza unene. Vivyo hivyo mbao: mkadiriaji aandike kama ni za inchi 2 kwa 2, 3 kwa 2 au 4 kwa 2, na nafasi kati ya moja na nyingine. Ubao ukichomwa na ncha ya bisibisi na ikazama bila nguvu, basi umeoza au umeliwa na mchwa, na hilo nalo liandikwe hata kama halimpendezi mwenye nyumba.

Naligusia hilo kwa makusudi, kwa kuwa mgogoro mkubwa wa pili baada ya eneo ni uchakavu. Bima ya nyumba hulipa hasara ya ghafla, kama dhoruba. Hailipi paa lililokuwa likizeeka polepole. Hakuna anayepinga kanuni hiyo. Swali ni nani anayeamua kwamba tundu hili ni la dhoruba na lile ni la umri, na anaamua kwa kutazama nini. Jibu liko kwenye chuma chenyewe, ukikisogelea. Bati lililoraruliwa na upepo juzi lina ukingo unaong'aa penye mpasuko. Lililopasuka mwaka jana lina kutu ya kahawia iliyokwisha kuingia. Upepo unapoinua bati, tundu la msumari hurefuka upande mmoja, au kichwa cha msumari hupita katikati ya bati na kubaki kwenye ubao pamoja na wosha yake. Kutu iliyouzunguka msumari kama pete, ambayo imekula bati kidogo kidogo hadi tundu likawa kubwa kuliko wosha, haikuletwa na dhoruba ya usiku mmoja. Haya yote huonekana kwa picha ya karibu, iliyopigwa na rula imelazwa pembeni. Hayaonekani kutoka penye kisima.

Mvua ya mawe inahitaji subira zaidi. Mibonyeo yake kwenye bati hufichika jua la saa sita mchana linapomulika kutoka juu. Asubuhi mapema au jioni, mwanga ukija kwa ubavu, kila mbonyeo hutupa kivuli chake. Wenye uzoefu hutumia kipande cha chaki, wakikisugua kwa ubavu juu ya bati: chaki hushika pale palipoinuka na kuliacha shimo bila rangi, na hapo idadi na ukubwa wa mibonyeo huonekana hata kwenye picha ya simu ya kawaida. Kule Marekani, ambako nyumba nyingi zimeezekwa vigae vya lami, wakaguzi huchora mraba wa futi 10 kwa 10 kwenye kila upande wa paa, wakazungushia chaki kila alama ya jiwe na kuhesabu. Futi 100 za mraba ndicho kizio chao cha kawaida cha kupimia paa, kwa hiyo hesabu yao huingia moja kwa moja kwenye makadirio. Hatuwezi kuuchukua utaratibu huo kama ulivyo, kwa kuwa kigae cha lami hupoteza changarawe zake kinapopigwa, ilhali bati linaweza kubonyea bila kutoboka. Kama mbonyeo usiovuja ni hasara ya kulipwa au la, mkataba wa bima ndio unaopaswa kusema. Lakini tabia ya kuchagua eneo maalumu kwenye kila upande, kulichora na kulihesabu mbele ya macho ya watu, badala ya kuandika "mibonyeo kiasi", inaweza kuanza hapa bila gharama yoyote.

Sasa nije kwenye picha zenyewe, ambazo ndizo kumbukumbu wanazozitegemea watu ofisini ambao hawatafika kamwe Ahero. Picha zinafaa zifuate mpangilio: nyumba nzima kutoka pande nne, kisha kila upande wa paa, kisha kila jeraha kwa mbali na kwa karibu, kisha ndani, dari na kenchi. Dari yenye doa haithibitishi kitu peke yake, kwa sababu doa linaweza kuwa la miaka. Kipimo cha unyevu chenye pini mbili, kikichomwa kwenye ubao, huonyesha kama maji yapo sasa. Halafu kuna jambo dogo lenye madhara makubwa. Wakadiriaji wengi humwambia mwenye nyumba, "Nitumie picha kwa WhatsApp." Picha inayotumwa kwa njia hiyo ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, kama saa, tarehe na mahali ilipopigwa, huondolewa. Inafika bila cheti chake cha kuzaliwa, kisha baada ya miezi mtu anauliza itajulikanaje kwamba ni ya nyumba hii na siku hii. Ikitumwa kama faili la hati badala ya picha, taarifa hizo hubaki. Na picha halisi isifutwe kwenye simu iliyoipiga hadi dai lilipwe. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inahitaji cheti kinachoeleza kumbukumbu ya kielektroniki ilivyopatikana na kwa kifaa gani, na mtu asiyejua picha zake zilipitia wapi atapata shida kukitia sahihi cheti hicho.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwamba droni zimekuja na ngazi zimekwisha kazi. Nimeziona droni zikifanya kazi nzuri Nakuru, kwenye maghala na majumba marefu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyapanda baada ya dhoruba, na nazikaribisha. Droni inayoruka kwa mpangilio na kupiga picha zinazopishana inaweza kutoa umbo la paa pamoja na mwinamo wake. Lakini haikamati bati kuona unene, haichomi ubao, na haioni kilicho chini ya dari. Isitoshe, ina sheria zake. Kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na anayeitumia kibiashara awe na kibali. Haipaswi kupanda zaidi ya futi 400 kutoka ardhini bila idhini, na karibu na viwanja vya ndege masharti ni makali zaidi. Nyumba za Usoma na Kogony ziko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Kisumu, na zile za Lanet ziko jirani na kambi ya jeshi. Mkadiriaji anayerusha kifaa hicho hapo bila idhini atajiletea matatizo yasiyohusiana kabisa na bima. Picha za setilaiti, nazo, nimekwisha kuzieleza: hutazama wima, hazioni mwinamo, na nyumba nyingi za huku zimejificha nusu chini ya miembe na miparachichi. Kampuni kama EagleView ya Marekani huuza vipimo vya mapaa vinavyotokana na picha za ndege zilizopigwa kwa pembe, ndiyo maana mwinamo wao hupatikana. Picha tambarare ya bure kwenye kompyuta ya ofisini haiwezi kufanya kazi hiyo.

Usalama ni hoja ya kweli, na sitaki mtu yeyote avunjike mgongo kwa ajili ya barua yangu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kumlinda mfanyakazi, na mkadiriaji ni mfanyakazi. Bati lililolowa ni la kuteleza. Anayelazimika kulikanyaga akanyage kwenye mstari wa misumari, ambako kuna ubao chini. Paa la asbesto, kama lile ambalo bado lipo kwenye baadhi ya nyumba za zamani, lisikanyagwe kabisa, kwa sababu huvunjika ghafla na vumbi lake husababisha saratani. Penye hatari ya namna hiyo, droni halali au simu iliyofungwa kwenye mwanzi mrefu itumike, na ripoti iseme wazi kwamba paa halikupandwa na kwa nini. Kisichokubalika ni ripoti inayonyamaza.

Wakadiriaji watanijibu kwamba dhoruba moja huleta madai mengi kwa wakati mmoja na hawana muda. Nawaelewa. Lakini nyumba kama ya mwalimu hupimwa kwa muda usiozidi saa moja ikiwa watu ni wawili, na barua za malalamiko zilizofuata zilimla kila mtu muda mwingi kuliko huo. Wala kipimo cha wazi hakimlindi mwenye nyumba peke yake. Wapo wanaotaka baraza lililojengwa baada ya bima kukatwa lihesabiwe humohumo, na wapo mafundi wanaoongeza mabati kumi kwa sababu analipa mwingine. Kampuni yenye mchoro wa paa uliotiwa sahihi na pande zote mbili haina haja ya kumshuku kila fundi ili imkamate mmoja.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wenye nyumba huusahau mpaka siku ya msiba. Nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 4 ikikatiwa bima ya milioni 2, kampuni huhesabu kwamba mwenyewe amebeba nusu ya hatari. Hasara ya shilingi 400,000 italipwa 200,000, na hapo hata ile sehemu ya kwanza ambayo mkataba humtaka mwenye bima aibebe mwenyewe haijatolewa. Wengi hukadiria thamani kwa kubahatisha siku ya kujaza fomu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la paa ni rahisi kulitengeneza kabla ya dhoruba: urefu, upana, mwinamo, geji, aina ya mbao, risiti za mabati, na picha zilizopigwa siku yenye mwanga mzuri, zikahifadhiwa mahali pengine mbali na nyumba yenyewe. Kampuni za bima zikiyataka haya wakati wa kukata bima, mkadiriaji atakuja siku ya dai akiwa na kitu cha kulinganisha. Zitapata pia kuona mapaa yaliyochakaa kabla ya kuyapokea, badala ya kuyagundua siku ya kulipa.

Kuhusu nakala, najua zipo ofisi zinazoichukulia ripoti ya mkadiriaji kuwa siri ya kampuni. Maoni yake kuhusu nani ana hatia na kiasi gani kilipwe yanaweza kubaki ya kampuni. Lakini urefu wa paa langu si maoni, wala picha ya msumari wangu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuzifikia taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa shirika, na sioni ni kwa hoja gani vipimo vya nyumba ya mtu, vilivyochukuliwa kwa ajili ya dai lake, vingewekwa nje ya haki hiyo.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima ndiyo inayowasajili wakadiriaji wa hasara, kwa hiyo ndiyo inayoweza kulimaliza jambo hili kwa waraka mmoja. Naiomba itoe fomu ya ukaguzi wa paa, ya ukurasa mmoja au miwili, ambayo kila mkadiriaji ataijaza papo hapo: kifaa alichotumia kwa kila kipimo, mwinamo wa kila upande, geji na jinsi ilivyojulikana, ukubwa na nafasi ya mbao, idadi ya picha, kama paa lilipandwa au la, na nafasi ya mwenye nyumba kuandika pale asipokubaliana, kabla ya sahihi mbili. Itolewe kabla ya mvua za vuli, mwezi wa Oktoba. Na iandikwe kwa Kiswahili pia, kwa kuwa mmoja wa watakaoitia sahihi ni mwenye nyumba.

Wako,
Mkadiriaji wa gharama za ujenzi,
Kisumu